Jibu la mtaalamu: Je, waongoza ndege tunaweza "kuugua" sote siku moja?

SWALI: Mzee, habari za Kisumu. Mimi ni mwongoza ndege, mwaka wangu wa tatu katika mnara mmoja huku magharibi. Tumebaki wachache, likizo zinakataliwa, na zamu ya jioni mara nyingi najikuta peke yangu juu. Marupurupu ya usiku tuliyoahidiwa hatujayaona. Mwenzetu aliyelalamika amepewa barua ya kujieleza. Sasa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp imepangwa kwamba Jumatatu sote tupige simu tuseme tunaumwa. Wanasema huo si mgomo, ni ugonjwa, na wameniomba niwapigie wa zamu ya asubuhi wathibitishe. Mimi ni mwanachama wa chama chetu cha kitaaluma na michango nalipa, kwa hiyo nadhani nina wa kunitetea. Nijiunge nao? Na nikikataa, nitawatazama vipi wenzangu?

JIBU: Binti yangu, usipige simu hiyo ya Jumatatu, na hao wa zamu ya asubuhi usiwapigie kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu siku zinakwenda na maelezo yangu ni marefu. Jina la mnara wako nimelifuta kwenye barua, la mwajiri pia. Nawe uyaache hivyo hivyo popote utakapoandika jambo hili kabla hujaketi na mtu wa kukushauri.

Aliyewaambia kwamba huo ni ugonjwa hajaisoma Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Mgomo kwa sheria hiyo ni zaidi ya mabango na matawi ya miti. Ni wafanyakazi kuacha kazi kwa pamoja, au kukataa kuendelea nayo kwa maelewano baina yao, ili mwajiri alazimike kukubali dai lao. Na maelewano yenu yako wapi? Yako kwenye kikundi, yana tarehe na saa, yana na vidole gumba vya waliokubali. Wakili wa mwajiri hatahangaika kutafuta shahidi. Itamtosha simu ya mmoja wenu, na sijaona kikundi cha kazi kisicho na mtu wa kupeleka picha ya skrini ofisini.

Mwalimu, au mfanyakazi wa kiwanda cha sukari pale Chemelil, ana njia ya kugoma kihalali. Mgogoro unaripotiwa kwa Waziri wa Leba, mpatanishi anateuliwa, anapewa siku 30, wakishindwana chama kinatoa notisi ya siku saba, ndipo watu wanatoka. Wewe huna njia hiyo. Jedwali la Nne la sheria hiyo hiyo linaorodhesha huduma muhimu: maji, hospitali, zimamoto, feri na nyinginezo, na humo imetajwa waziwazi huduma ya kuongoza ndege pamoja na mawasiliano ya usafiri wa anga. Kifungu cha 81 kinasema hakutakuwa na mgomo katika huduma hizo. Hakisemi mgomo wa siku ngapi wala kwa sababu gani.

Kifungu cha 80 ndicho kinachonitia wasiwasi juu yako wewe hasa. Hakimhusu anayegoma tu. Kinamhusu pia anayeitisha mgomo usiofuata sheria na anayewachochea wengine waingie. Huyo anahesabiwa amevunja mkataba wake wa kazi, anaweza kuadhibiwa, na siku alizokaa nje hana malipo. Sasa fikiria kwa nini umechaguliwa wewe, mdogo kuliko wote, uwapigie watu simu usiku wa Jumapili. Aliyebuni mpango huu anaelewa hatari yake vizuri kabisa.

Utaniuliza kuhusu Katiba. Ni kweli, Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na sheria inayokukataza ilitungwa miaka mitatu kabla yake. Wapo mawakili wanaosema katazo hilo halikubaliani na Katiba na ipo siku litapunguzwa makali. Huenda. Lakini hoja hiyo ipelekwe mahakamani na chama chenye mfuko na mawakili, kazi ikiwa inaendelea. Usikubali iamuliwe kwa kutumia ajira yako na leseni yako. Hata Shirika la Kazi Duniani, ambalo kwa kawaida husimama upande wa wafanyakazi, linakubali kwamba kuongoza ndege ni miongoni mwa huduma chache ambazo mgomo wake unaweza kuzuiwa. Ila linaongeza sharti moja: mfanyakazi aliyenyimwa mgomo apewe njia nyingine, ya haraka na isiyopendelea upande. Hiyo njia nyingine ndiyo nitakayokueleza hapa chini.

Kabla ya hapo, nikukumbushe kwamba mpango wenu si mpya. Marekani, mwaka 1970, waongoza ndege wa chama kilichoitwa PATCO walipiga simu za kuumwa kwa maelfu, wakati wa Pasaka. Mahakama ikawaamuru warudi, wakarudi. Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 3 Agosti 1981, wakagoma waziwazi, karibu watu 13,000, ingawa sheria yao iliwakataza kama yenu. Rais Reagan, ambaye chama hicho chenyewe kilimuunga mkono kwenye uchaguzi wa 1980, aliwapa saa 48. Zaidi ya 11,000 walifutwa kazi na chama kikavuliwa haki ya kuwawakilisha. Marufuku ya kuwaajiri tena ilidumu hadi 1993. Na madai yao mengi yalikuwa ya haki: uchovu, mitambo chakavu, wiki ndefu za kazi. Chama kipya, NATCA, kilipoundwa mwaka 1987, kilirithi madai yaleyale. Ndege zao hazikusimama zote, kwa sababu wasimamizi, wanajeshi na wasiogoma waliendelea kuongoza. Huku kwetu watu wanaamini kwamba mwongoza ndege hana mbadala, eti Nairobi wataogopa. Watachelewesha safari, watamleta msimamizi, watafungua kiwanja kwa saa chache. Abiria wa Nairobi anayekuja Kisumu kwa dakika arobaini na kitu atapanda basi akiwalaani nyinyi.

Sasa njia iliyo wazi. Kifungu cha 74 cha sheria hiyo kinaruhusu mgogoro unaohusu wafanyakazi wa huduma muhimu upelekwe moja kwa moja Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwa hati ya dharura, bila kupitia zile siku 30 za upatanishi. Mahakama hiyo ina kituo Kisumu na kingine Nakuru, hamna haja ya kulala njiani kwenda Milimani ya Nairobi. Lakini soma kifungu chenyewe: anayepeleka ni chama cha wafanyakazi. Hapo ndipo umekosea kudhani una wa kukutetea.

Chama chako cha kitaaluma ni kitu kizuri. Kinawaunganisha na shirikisho la dunia la vyama vya waongoza ndege, IFATCA, kinazungumzia viwango vya kazi, mafunzo, vipimo vya Kiingereza. Ila hakijasajiliwa kama chama cha wafanyakazi, kwa hiyo hakiwezi kutia saini mkataba wa pamoja wa mishahara wala kudai malimbikizo yako ya marupurupu kwenye mgogoro wa kazi. Nimekutana na vijana wengi wanaolipa michango huku, hawalipi kule, halafu wanashangaa siku ya barua kwamba hakuna anayesimama nao. Lipa kote kuwili. Chama cha wafanyakazi wa sekta ya usafiri wa anga kipo, KAWU, ndicho kilichosimamisha JKIA, kiwanja kikuu cha Nairobi, mwezi Machi 2019 kupinga mpango wa Kenya Airways kukiendesha kiwanja hicho, na tena Septemba 2024 kupinga kukodishwa kwa kampuni ya Adani ya India. Unaweza usipende kelele zake; mimi mwenyewe kuna siku nimeziona zimezidi. Lakini uliza kama kwenye kazi yako kinatambuliwa na mwajiri, maana kifungu cha 54 kinamlazimu mwajiri kukitambua chama kikishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Baada ya hapo unajaza fomu ya kukatwa ada kwenye mshahara. Na usiogope kwamba kujiunga kutakuponza. Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inasema uanachama wa chama si sababu halali ya kumfukuza mtu.

Marupurupu ya usiku nitayapitia haraka, kwa sababu hayana mjadala. Kama yameandikwa kwenye mkataba wa pamoja au kwenye barua yako ya kazi, ni deni, na deni linadaiwa kwa hesabu: tarehe za zamu, saa, kiasi. Kama ni ahadi ya mdomo ya meneja kwenye kikao cha chai, yapeleke kwenye mazungumzo ya mkataba ujao na uache kuyaita haki.

Sasa uchovu na kukaa peke yako mnarani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mna nguvu msiyoitumia, na ndipo kikundi chenu kinapotaka kuichezea. Mmechanganya usalama na pesa kwenye dai moja. Mkifanya hivyo, mwajiri anapata jibu rahisi sana: "Hawa wanatumia maisha ya abiria kuomba nyongeza." Pesa ipitie chama. Uchovu upitie ripoti za usalama. Visikutane kwenye karatasi moja, hata kama vinakuumiza siku moja.

Tangu Novemba 2020, viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha 11, vinazitaka nchi wanachama ziwe na kanuni za kudhibiti uchovu wa waongoza ndege: mipaka ya saa za zamu, mapumziko, siku za kukaa nje ya zamu. Na mtoaji huduma anatakiwa apange ratiba ndani ya mipaka hiyo, na akiivuka awe na sababu na kumbukumbu. Omba kuiona hati ya mipaka ya mnara wako, kwa maandishi na kwa lugha ya upole. Ni hati ya kazi yako, huombi siri ya serikali. Ukishaipata, weka ratiba ya zamu mlizofanya kweli kando yake. Si ile iliyobandikwa ukutani mwanzoni mwa mwezi, maana hiyo huwa safi daima. Chukua ile iliyo kwenye daftari la mnara, yenye saini za kupokea na kukabidhi zamu.

Halafu andika ripoti ya hatari, kila mara, si ya pamoja ya mwezi mzima. Wengi huandika: "Tumechoka, tuko wachache, tafadhali mtusaidie." Hiyo inasomwa, inafungwa kwenye faili. Andika kilichotokea. Tarehe, saa, nani alikuwa zamu, nafasi ngapi zilikuwa wazi na ngapi zilikuwa na mtu, ndege ngapi zilikuwa kwenye masafa kwa wakati mmoja, hali ya hewa, na kazi gani nyingine uliyokuwa ukifanya pamoja na kuongoza: simu, rekodi, kumjibu zimamoto. Mwisho taja hatari yenyewe kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Nilikuwa nikijibu simu ya uratibu wakati helikopta mbili zilipoita kwa pamoja, moja nilichelewa kuijibu." Usiweke kilio humo, wala lawama.

Na huku kwetu una mambo ya kuandika ambayo ofisi ya Nairobi haiyaoni kwenye takwimu zake. Ratiba ya watu hupangwa kwa kuangalia ndege za ratiba, zile za abiria. Lakini wewe unajua Jumamosi ya mazishi ilivyo. Helikopta za waheshimiwa zinapanda asubuhi kwenda Siaya, Vihiga, Bungoma, Homa Bay, zinatua kwenye uwanja wa shule, na saa tisa alasiri zote zinataka kurudi kwa wakati mmoja. Ndio wakati ule ule wingu linaposhuka kutoka Nandi na Kericho kuelekea ziwani, ngurumo juu ya ngurumo, na rubani wa ndege ndogo anaomba njia ya kuzunguka. Ongeza yangeyange na makorongo wanaovuka njia ya kurukia. Mwaka ujao wa kampeni mzigo huo utaongezeka, hilo halihitaji mtabiri. Kwa hiyo hesabu safari za Jumamosi saa kwa saa, wiki baada ya wiki, ziweke pembeni ya hesabu za Jumanne. Jedwali hilo, pamoja na idadi ya watu waliokuwa zamu, litamsumbua mpangaji wa ratiba kuliko mgomo wowote.

Kuhusu kukaa peke yako, kuna kisa ambacho kila mwongoza ndege hufundishwa. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili ziligongana angani, wakafa watu 71, wengi wao watoto. Anga hiyo ilikuwa ikiongozwa kutoka Zürich, na aliyekuwa kazini alikuwa mmoja, akihudumia vituo viwili vya kazi, mwenzake akipumzika. Kupumzika huko kulikuwa desturi inayojulikana na kuvumiliwa na wakubwa. Mafundi walikuwa wakitengeneza mitambo usiku huohuo, na simu za kawaida hazikufanya kazi. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi wanne wa kampuni hiyo, wakiwemo mameneja. Mwongoza ndege mwenyewe hakufika mahakamani: aliuawa mwaka 2004 na baba aliyefiwa na familia yake kwenye ajali ile. Nakutajia kisa hiki kwa sababu moja. Mazoea ya mtu mmoja kubaki juu, mkayanyamazia, siku ya ajali yatasemwa kwamba yalikuwa mapatano yenu wenyewe. Yakiwa yameripotiwa mara kumi, swali litaulizwa ghorofa ya juu zaidi.

Na kama Jumatatu, au siku yoyote, wewe mwenyewe kweli umechoka kiasi cha kutofaa? Basi sema, kabla ya kushika maikrofoni. Leseni yako inakukataza kufanya kazi ukijua afya yako imepungua kiasi cha kuhatarisha usalama. Hilo ni jukumu lako binafsi, halipangwi kwenye kikundi. Mwambie msimamizi wa zamu, iandikwe kwenye daftari kwa saa, na ukiumwa nenda kwa daktari siku hiyohiyo ukachukue cheti. Tofauti ya mtu mmoja aliyejitangaza kuwa hafai na watu wote walioumwa kwa pamoja haimpigi chenga hakimu hata kidogo. Tena ugonjwa wa uongo wa Jumatatu utaua ugonjwa wa kweli wa Alhamisi. Ukija kusema kweli kwamba hukulala, hutaaminiwa.

Mwenzenu mwenye barua ya kujieleza ndiye wa kushughulikiwa kwanza, kabla ya marupurupu na kabla ya hiyo Jumatatu yenyewe. Ajibu ndani ya muda aliopewa, kwa maandishi, kwa ufupi, na aambatanishe nakala za malalamiko yake. Akiitwa kikaoni, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinampa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Asiende peke yake. Akiulizwa nani mwingine analalamika, ajibu yanayomhusu yeye. Kulalamika kwa mwajiri, kwa nia njema, si sababu ya kumfukuza mtu, na kama barua inasema hivyo waziwazi, mwajiri wake amemsaidia kesi bila kujua.

Wenzako utawatazama hivi. Usitoke kwenye kikundi usiku, na usiandike hotuba humo. Yote mawili yatakufanya msaliti kwa wengine na ushahidi kwa mwajiri. Kutana nao ana kwa ana, wawili watatu, nje ya kiwanja, hata pale Dunga mkila samaki. Waambie hutapiga simu ya kuumwa na sababu zake, kisha weka mezani kitu cha kufanya badala yake: fomu za kujiunga na chama, na karatasi ya kugawana nani ataandika ripoti za wiki gani. Atakayekasirika zaidi atakuwa yule aliyebuni mpango. Muulize, mbele ya wenzake, kama yeye yuko tayari kuwapigia simu wa zamu ya asubuhi kwa namba yake mwenyewe.

Ukipata nakala ya ile hati ya mipaka ya zamu, niandikie tena, na uniletee daftari la miezi mitatu iliyopita. Ratiba ya ukutani uiache huko huko.